Kitabu Kilichovushwa: Vitabu vya Utotoni Arua na Koboko

Mjini Arua kitabu kina majina manne. Mlugbara hukiita buku, neno atakalolikuta pia kwa msemaji wa Kilingala akivuka mpaka kwenda Aru au Ariwara nchini Kongo. Mnubi hukiita kitab, maana Kinubi ni lugha iliyozaliwa na Kiarabu cha kambi za jeshi. Dereva wa lori, polisi na askari mstaafu husema kitabu. Mwalimu aliyesimama mbele ya ubao hukitaja kwa Kiingereza. Mtoto wa miaka minane anayajua yote manne na haoni ajabu yoyote.

Mimi naona ajabu. Tukizungumzia vitabu vya utotoni visivyotutoka, aghalabu tunamwaza mtoto aliyejilaza kitandani, mzazi kando yake, na mikononi mwa mzazi kitabu cha lugha ambayo wote wawili wanaiota usiku. Picha hiyo ina kwao, ila kwao si West Nile, kona hii ya Uganda yenye Arua na Koboko. Huku mzazi mara nyingi hakujua kusoma, lugha ya kitabu haikuwa ya nyumbani, na nakala ilikuwa ya benchi zima. Hata hivyo wapo watu wazima wa Arua na Koboko wanaokumbuka kitabu cha darasa la nne ukurasa kwa ukurasa, pamoja na doa la mafuta ya taa lililokuwa pembeni mwa picha. Ninavyoelewa mimi, ni kwa sababu mtoto wa huku hakuishia kukisoma kitabu. Alikivusha. Mchana alikisoma kwa lugha ya shule; jioni bibi yake akamtaka aeleze motoni alichojifunza, kwa Kilugbara, Kikakwa au Kinubi. Katika kuhangaika kutafuta maneno, kitabu kikawa chake.

Moto huo ulikuwa na hadithi zake tangu zamani. John Middleton, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi kati ya Walugbara kuanzia mwaka 1949, aliandika habari za mashujaa wawili ambao koo nyingi hujihesabu kutoka kwao: Jaki na Dribidu. Dribidu maana yake ni mwenye manyoya, kwa kuwa mwili wake ulifunikwa na nywele ndefu. Alikuwa na jina jingine la kutisha, mla watu, kwani inasemwa aliwala watoto wake mwenyewe mpaka akagunduliwa na kufukuzwa kutoka kwao, ng'ambo ya mashariki ya Nile. Jaki anahusishwa na Mlima Liru, upande wa Koboko, na Dribidu na Mlima Eti, ambao wengi huuita Wati, kule Terego. Hebu fikiria mtoto anayesikia habari ya baba mwenye manyoya anayekula wanawe, halafu asubuhi anatoka nje na kuuona mlima wenyewe umesimama pale pale. Kitabu cha picha kinachotaka kushindana na hilo kina kazi.

Karatasi ilichelewa kufika. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, nchi aliyokodishwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji mwaka 1894. Alipokufa mwishoni mwa 1909, Lado ikarudi Sudan mwaka uliofuata, na mwaka 1914 sehemu ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Mwaka huo huo Waingereza waliweka kituo chao Arua, chini ya A. E. Weatherhead. Katika muda wa miaka mitano, basi, mtu wa Koboko alikuwa chini ya serikali tatu bila kuhama kibanda chake. Mwaka 1918 wamisionari wa Africa Inland Mission waliingia Arua na baadaye kujenga Mvara. Wakatoliki wa shirika la Komboni walijenga Ediofe na Ombaci. Kila upande ulikuja na kitabu cha herufi na kitabu cha sala, na kila upande ulihitaji Kilugbara kilichoandikwa.

Kilugbara kipi? Hapo ndipo pa kutazama. Maandishi yalifuata zaidi matamshi ya Ayivu, yaani watu wa Arua yenyewe na pembezoni mwake. Mtoto wa Terego, Maracha au Aringa alifungua kitabu kilichoitwa cha lugha yake akakuta watu ndani yake wanazungumza kama jirani. Agano Jipya la Kilugbara lilitoka mwaka 1936, Biblia nzima mwaka 1966. Kati ya miaka hiyo miwili kilikua kizazi kizima ambacho kitabu chake kinene kuliko vyote kwa lugha ya mama kilikuwa Injili na Nyaraka. Wako wanaolihesabu hilo kuwa umaskini. Sina hakika. Injili zimejaa hadithi fupi zinazosimulika motoni bila shida: mwana mpotevu aliyetamani maganda waliyokula nguruwe, mtu aliyeporwa njiani akaokolewa na mgeni, mpanzi na mbegu zake. Hazihitaji ufafanuzi kwa mkulima wa mtama. Bibi ambaye hakuweza kusoma hata herufi moja aliweza kumkosoa mjukuu wake kwamba mpanzi gani huyo anayemwaga mbegu kwenye mawe.

Upande wa Koboko mambo yalikuwa na fundo zaidi. Wakakwa wamegawanywa na mipaka ya nchi tatu: Uganda, Kongo na Sudan, ambayo leo ni Sudan Kusini. Aprili 1928 maofisa, wamisionari na wataalamu, akiwemo bingwa wa lugha za Kiafrika Diedrich Westermann, walikutana Rejaf karibu na Juba kuamua lugha zipi za kusini mwa Sudan ziandikiwe vitabu vya shule. Wajumbe walitoka pia Uganda na Kongo. Kikakwa hakikupata kiti chake. Kilihesabiwa ndani ya kundi la Kibari. Uganda nayo, ilipofika miaka ya 1960, iliidhinisha lugha sita za wenyeji kwa shule za msingi: Kiganda, Kilugbara, Kiluo, Kinyankole pamoja na Kikiga, Kinyoro pamoja na Kitoro, na Kiteso pamoja na Kikaramojong. Kikakwa hakimo. Kwa hiyo mtoto wa Koboko, hata pale serikali iliposema anafundishwa kwa lugha ya kwao, alifundishwa kwa lugha ya jirani. Binamu yake wa Yei, upande wa Sudan, alikuwa na kitabu cha Kibari. Yule wa Ingbokolo, upande wa Kongo, alisubiri Kilingala na Kifaransa. Wakikutana kwenye msiba, watoto watatu wa ukoo mmoja walikuwa wamesoma kwa lugha tofauti kabisa, na hakuna aliyesoma kwa lugha waliyokuwa wakiitumia kuzungumza hapo msibani.

Sasa Kiswahili. Msomaji wa pwani au wa bara la Tanzania anaweza kushangaa kwamba Kiswahili kina mizizi huku, maana amezoea kusikia kwamba Uganda hawakitaki. Waganda wengi kweli hawakukitaka, na walikuwa na sababu. Gavana William Gowers alipokipigia debe mwaka 1927, Kabaka Daudi Chwa alipinga waziwazi, na maaskofu wakapinga baada yake. Waliona nyuma ya lugha hiyo kivuli cha walowezi wa Kenya na cha kumezwa kwa Buganda. Lakini West Nile haikuwa Buganda. Huku vijana waliandikishwa kwa wingi katika jeshi la King's African Rifles na polisi, na lugha ya amri, ya mshahara na ya barua ya kwenda nyumbani ilikuwa Kiswahili. Askari aliporudi likizo alikuja na blanketi, sigara na lugha mpya. Watoto wake waliozaliwa kambini Jinja, Nairobi au Nanyuki walikuja Koboko wakiongea lugha hiyo vizuri kuliko ya baba yao.

Na hao ndio, naamini, walioleta huku vitabu vya hadithi vya Kiswahili. Mwaka 1929 Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930, alikuwa ametoa tafsiri ambazo vizazi vya Afrika Mashariki vilizisoma: Kisiwa chenye Hazina, Mashimo ya Mfalme Sulemani, na Alfu Lela Ulela aliyoishughulikia pamoja na E. W. Brenn. Uganda ilikuwa mwanachama wa Kamati hiyo. Vitabu vyenyewe vilichapwa kwa ajili ya shule, kwa Kiswahili kilichonyooshwa, na wako wanaokiona kikavu. Ila mtoto hapimi ukavu wa sentensi. Anataka kujua kama Jim wa Kisiwa chenye Hazina atatoka ndani ya pipa la matofaa salama.

Abunuwasi naye ana habari yake hapa, na sipiti bila kuisema. Hekaya za Abunuwasi ni kati ya vitabu vya Kiswahili vilivyopendwa kuliko vyote, kutoka Lamu hadi Kigoma. Huyo Abunuwasi alikuwa mtu wa kweli, mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid, lakini katika hekaya amegeuka kuwa mjanja anayemzidi akili mfalme wake. Mtoto wa Kinubi wa Arua aliposhika kitabu hicho hakuhitaji kutambulishwa: jina ni la Kiarabu, ucheshi ni wa Kiarabu, na lugha anayozungumza na bibi yake ina mifupa ya Kiarabu. Jirani yake Mlugbara alimjua kwa njia nyingine. Alikuwa amekwisha kusikia motoni hadithi za sungura anayewachezea wakubwa shere, na Abunuwasi alikuwa sungura yule yule aliyevaa kanzu. Kitabu kimoja kiliingia nyumba mbili zilizopakana, kila nyumba kwa mlango wake. Sijui kitabu kingine cha utotoni ambacho nitakisema hivyo kwa mji wa Arua.

Kisha serikali ikafunga mlango. Mwaka 1952 Kiswahili kiliacha kutambuliwa katika shule za Uganda, isipokuwa kwa polisi na familia zao. Fikiria maana ya kifungu hicho. Mtoto wa polisi alipewa kitabu cha Kiswahili. Mtoto wa mkulima aliyeketi naye kanisani hakupewa. Kiswahili kikawa lugha ya sare, nacho kitabu cha Kiswahili kikawa kitu cha kambini, cha kuazima kwa siri au kwa urafiki. Nina wasiwasi kwamba sehemu ya chuki ya Waganda dhidi ya Kiswahili, ambayo kwa kawaida hubebeshwa majeshi ya baadaye, ilipikwa pia na uamuzi huo wa makaratasi.

East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 chini ya Charles Richards, ilikuwa na nia njema ya kuwapatia Waafrika vitabu vya lugha zao kwa bei nafuu. Kwa Waacholi ilileta riwaya ya Okot p'Bitek, Lak Tar, mwaka 1953. West Nile haikupata Okot wake. Hilo ni jambo la kusikitisha, na sababu yake si kukosa wasimuliaji.

Miaka ya 1960 ikaja na Kiingereza kwa kasi. Shuleni ilikuwa Nile English Course, na nje ya darasa alikuwa Moses. Barbara Kimenye alizaliwa Halifax, Uingereza, mwaka 1929, akaolewa na mtu wa Bukoba, akahamia Afrika Mashariki na kufanya kazi katika serikali ya Kabaka na katika magazeti. Mwaka 1965 alitoa Kalasanda, hadithi za kijiji cha Buganda. Lakini kilichomfanya akumbukwe kutoka Arua hadi Mombasa ni mfululizo wa Moses, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuuzwa kwa nakala zaidi ya milioni moja. Moses ni kijana wa shule ya bweni yenye jina refu la majivuno na sifa fupi sana, mahali wanapopelekwa wavulana waliokataliwa kwingine.

Kwa nini Moses alishika huku? Shule za bweni zilikuwa chache, Ombaci, Mvara na nyingine za kuhesabika, na kwa mtoto wa kijijini bweni lilikuwa nchi ya mbali. Moses alimpeleka huko kabla ya mtihani. Alimwonyesha kwamba mwalimu mkuu anaweza kuwa kichekesho, kwamba chakula kibovu ni jambo la kucheka pamoja, kwamba mtu anaweza kufeli kila siku na bado akawa shujaa wa hadithi. Katika jamii ambayo karo ilitokana na kuuza tumbaku au mbuzi wa mwisho, kufeli hakukuwa mzaha. Ndani ya Moses kulikuwa mzaha. Ruhusa hiyo ya kucheka haisahauliki.

Kitabu cha Moses kimevushika kwa Kilugbara? Kwa taabu. Vichekesho vya Kimenye vinakaa ndani ya Kiingereza cha kujidai cha wakubwa wa shule, na ukikivua Kiingereza hicho kinabaki kijana mtukutu tu. Ndiyo maana, nadhani, wasomaji wa Moses humsimulia kwa Kilugbara na kubakiza maneno ya mwalimu kwa Kiingereza, huku wakibadilisha sauti. Wanaigiza. Mwenye kuigiza mara kumi hasahau.

Mwaka 1972 Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni wa Wakakwa wa Koboko, aliwafukuza Waasia kwa kuwapa siku tisini, na maduka mengi ya Arua yaliyokuwa yakiuza madaftari, wino na vitabu yakabadili wenyewe au yakafa. Mwaka 1973 alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo lilikuja; vitabu havikufuata. Hakuna aliyekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuwapa watoto wa Koboko vitabu vya hadithi za Kiswahili kuliko rais mwenyewe, mwana wa kambi aliyejifunza lugha hiyo jeshini. Hakufanya hivyo. Akabakiza lugha yenye sauti ya bunduki masikioni mwa watu wa kusini.

Aprili 1979 utawala wake ulianguka. Oktoba 1980 askari wake wa zamani walivamia Koboko na Arua kutoka ng'ambo, na kisasi cha jeshi jipya kikawashukia raia. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci waliuawa pale pale, kwenye uwanja ule ule ambao wavulana walikuwa wakifundishwa kusoma. Sehemu kubwa ya watu wa West Nile walivuka kwenda Zaire na Sudan. Barbara Harrell-Bond, aliyefanya utafiti kati ya wakimbizi wa Uganda katika eneo la Yei kuanzia mwaka 1982 na kutoa kitabu chake Imposing Aid mwaka 1986, ameeleza maisha hayo kwa kina kuliko mwingine yeyote. Aliyekuwa na umri wa miaka tisa wakati ule alivuka mpaka akiwa amejifunza herufi kwa Kilugbara, akajikuta kwa Kiarabu upande mmoja au kwa Kifaransa upande wa pili. Vitabu vilivyobebwa vilikuwa vya kubebeka: Biblia, Juzuu Amma, kitabu cha nyimbo. Mtoto asiye na kitabu alibaki na kile alichokuwa amekwisha kukivusha kichwani.

Hapo ndipo hoja yangu inapopimwa. Ikiwa kitabu cha utotoni ni karatasi, kizazi hicho hakina kitabu. Lakini kinacho. Mtu aliyemsimulia ndugu yake mdogo hekaya za Abunuwasi chini ya mwembe wa ugenini, bila ukurasa hata mmoja mkononi, alikuwa anasoma.

Yaliyofuata nayapitia haraka kwa kuwa bado yanaendelea. Mwaka 2007 mtaala mpya uliamuru madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo. Mwaka 2014 mradi wa African Storybook ulianza kuweka hadithi za watoto kwenye intaneti bila malipo, na zipo za Kilugbara miongoni mwake, ambazo mwalimu anaweza kuzichapa au kuzisomesha kwa simu. Koboko, iliyopata wilaya yake mwaka 2005, tangu 2013 ina makazi ya wakimbizi ya Lobule, yaliyojaa Wakongo ambao wengi wao ni Wakakwa wenyewe. Baadhi ya watoto wa Lobule wanajua Kiswahili cha Kongo, ambacho kingemshangaza Frederick Johnson. Na Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda likapitisha kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Miaka 70 baada ya kuwaachia polisi peke yao.

Kitakachoamua ni hadithi. Ukimpa mtoto wa Koboko kitabu cha Kiswahili chenye sarufi tupu, atafaulu mtihani na kukisahau kabla ya likizo. Ukimpa Abunuwasi, au bora zaidi, ukimpa Dribidu mwenye manyoya akiwa ameandikwa kwa Kiswahili kizuri, atakipeleka kwa bibi yake jioni, na bibi atasema kwamba hapana, haikuwa hivyo, na watabishana.

Kuna jambo moja ninalomwomba msomaji mwenye asili ya Arua, Koboko, Maracha, Terego au Yumbe. Vitabu vya kujifunzia vya zamani vya Kilugbara, vitabu vya Kiswahili vya shule za polisi, nakala za Moses zisizo na jalada: vingi vimelala ndani ya masanduku ya chuma chini ya vitanda vya wazee, na mchwa hawasubiri. Ukikuta kimoja, usikitupe wala usikiuze kwa wafunga karanga. Andika ndani yake kwa kalamu jina la aliyekisoma na mwaka aliokisoma, uliza alikisimulia kwa nani na kwa lugha gani, liandike na hilo, kisha kipeleke katika maktaba ya umma ya Arua au Chuo Kikuu cha Muni.